Sheria ya Nyati na Magae ya Sange

Paukwa!
Pakawa.
Mnaitikia kama mliofiwa. Leo nina hasira, msiniongeze. Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale ukame uliuma, wanyama wakachimba kisima kwa ujima. Tuku tuku, tuku tuku, siku saba. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na vitoto vichanga, kwa hiyo aliwapikia wachimbaji uji. Nyati alikaa kivulini akitoa amri.

Maji yalipotoka, Nyati akasimama mlangoni pa kisima. "Asiyechimba asinywe. Sange hakuchimba. Kupika si kuchimba." Akakipiga teke chungu cha uji, paa, kikavunjika.

Sange akawaka hasira. Vitoto vyake kule nyumbani vilikuwa vinalamba mawe. Uji wake wameunywa, maji ananyimwa! Akaokota magae mawili ya chungu, akachuma na majani mawili, akavipanga chini mbele ya Nyati: kila gae wekundu juu, na jani lake kando.

"Mzee Nyati, mimi mjinga, nieleweshe sheria yako. Gae likilala wekundu juu, mtu amechimba. Likilala masizi juu, hakuchimba. Jani ni maji ya kunywa. Penye masizi, jani linaondoka. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Gae langu?"

"Masizi."

Akaligeuza, ta. Akaondoa jani.

"Na lako? Jembe ulishika?"

Nyati akacheka. "Mkubwa mzima mimi, nishike jembe?"

"Basi hukuchimba." Akaligeuza, ta. Akaondoa jani la pili.

Wachimbaji wakatazama magae, wakamtazama Nyati, wakainuka na majembe yao. Siku saba walikuwa wameimeza ile hasira. Cheko likamkauka Nyati.

"Jamani, nilisaidia. Nilisimamia kazi."

"Kwani aliyesaidia amechimba?" Sange akauliza.

"Amechimba, ndiyo!" Nyati akaligeuza gae lake kwa kwato, ta, likawa jekundu.

"Haya." Sange akaligeuza na lake. "Mimi nilisaidia kwa uji. Wewe peke yako ulikunywa mabakuli manne."

Nyati akasogea kando ya mlango wa kisima. Sange akachota maji kwa gae lilelile, akawapelekea wanawe.

Hadithi yangu imekatikia hapo. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa kali, mtemeeni Nyati.

Na funzo lake, wanangu: wakubwa waheshimuni, msibishane nao hata siku moja. Warudishieni tu maneno yao.