Ng'ombe wa Bendera

Siku ile walikutana meya Anselm, tajiri Ruprecht aliyehamia majuzi, na Bi Hedwig, mshona bendera wa Krummelau, kijiji kidogo cha Ujerumani ambako watoto walikosa maziwa.

"Mtoeni huyo bata bukini kwenye bendera ya kijiji," alisema Ruprecht. "Wekeni ng'ombe wangu, Alma."

"Alma mwenyewe, bwana, au ng'ombe yeyote?" aliuliza Hedwig.

"Alma mwenyewe! Shona na jina!"

"Basi tia sahihi kwenye karatasi hii."

Akatia kwa mbwembwe. Meya akagonga muhuri, na Hedwig akachukua ndoo.

"Waenda wapi, mama?" aliuliza Ruprecht.

"Kumkamua Alma. Hapa kwetu mnyama wa bendera ni wa kijiji kizima. Mayai ya bukini tulikuwa tukiwapa wanaonyonyesha."

Kuanzia kesho yake, kina mama walimkamua Alma kwa zamu.