Vidonge Vyekundu vya Dativa

Wahenga hawakukosea: adui anayekumaliza hatoki mbali. Hukaa nawe, hucheka nawe, na mara nyingi ndiye unayemwita mkubwa. Polycarp wa Kiberege alilijua hilo akiwa ameshabaki mgane.

Mkewe, Dativa, alikuwa na mbio za swala. Asubuhi alilima mpunga pekupeku, jioni alijifua barabarani. Timu ya shamba la miwa ilimwahidi kazi ya kudumu akishinda mbio za Kiberege hadi Ifakara. Lakini mwaka ule, tisini na nne, alianza kuhema kama mvukuto kwa kubeba ndoo tu. Nesi Stefania alimfunua kope, akazikuta nyeupe kama tui.

"Mama Herieth, hii safura. Minyoo ya majarubani imekunyonya damu. Meza hivi vyekundu vya kuongeza damu, na mbio acha kwanza."

Bahati mbaya, vidonge vile viligawiwa siku ya kliniki ya wajawazito. Bwana Anselim, mkuu wa timu, akamwona kwenye foleni.

"Kumbe umeshanasa!" alipayuka mbele ya watu. "Timu yangu si leba!"

"Hana mimba huyu, hana damu," alisema Stefania.

"Nesi, wewe pima watoto. Wakimbiaji niachie mimi." Akamgeukia Dativa. "Nikikuona tena na vidonge hivyo, jina nakata."

Nyumbani Polycarp alimsihi. "Meza, mke wangu. Hiyo kazi kitu gani?"

"Baba Herieth, mpunga umekwenda na mafuriko. Tutakula vidonge?" Akavimwaga chooni.

Siku ya mbio, Anselim alitangulia kwa pikapu, kipaza sauti mkononi. Dativa aliongoza hadi Katindiuka, karibu kabisa na Ifakara. Hapo miguu ikamsaliti, akaanguka kama gunia.

"Anadeka huyo! Twende na anayefuata!" Pikapu ikaondoka, vumbi likamfunika.

Polycarp, aliyekuwa nyuma kwa baiskeli, alimpakia, akamfunga mgongoni kwake kwa kanga. Hospitalini damu ya kumwongezea ilikuwa bado ikitafutwa alipokata roho.

Mazishini Anselim alikuja amevaa traksuti ya timu, akahutubia. "Tumepoteza nyota. Tatizo alificha ugonjwa." Wakubwa wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Polycarp aliitazama ile traksuti ya kijani. Kisha akatazama jenezani, alimolala Dativa, amevikwa jezi ya rangi ile ile. Akashika koleo mwenyewe, asimwachie Anselim hata punje ya udongo.

Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.