Pete Mbili za Chujio la Mafuta

"Aliyefunga haoni pengo." Mmemsikia fundi wa gesi akimwambia mwenzake pale jikoni, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Si ya kale sana, wanangu. Baadhi ya walioyasikia mara ya kwanza wangali hai. Methali hii ilianza hivi.

Huko Katavi palikuwa na uwanja mdogo wa ndege, njia yake ya changarawe, na kabla ndege haijatua ilibidi ngiri wafukuzwe kwanza. Fundi wa pale aliitwa Ambokile. Ndege aliyoitunza ilikuwa moja tu, ya kupeleka wagonjwa mjini, naye aliijua kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Haikuwahi kumwaibisha hata siku moja. Sifa zikamwingia kidogo kidogo, kama maji yaingiavyo kwenye ukuta wa udongo.

Asubuhi moja alikuwa akibadilisha chujio la mafuta la ndege hiyo. Kazi yenyewe si kubwa. Unafungua kikombe cha chuma, unatoa chujio kuukuu pamoja na pete yake ya mpira, unaweka jipya na pete mpya, unakaza. Pete ndiyo inayozuia mafuta yasivuje. Akiwa katikati ya kazi, gari la hospitali likaingia kwa kasi, vumbi likitangulia. Ndani mlikuwa na mtoto wa kike aliyeumwa na nyoka, mguu umevimba hadi pajani, na dawa yake haikupatikana ila mjini.

Rubani, Kapteni Shija, alikuja mbio huku akifunga vifungo vya shati. "Fundi, bado sana?"

"Namalizia."

Ambokile akafunga, akakaza, akafuta kwa kitambaa. Akapapasa kwa kidole, akatazama, akapapasa tena. Fundi mwenzake, Nyamizi, akasogea na kurunzi.

"Kaka, nikutazamie kidogo?"

"Utazame nini?"

"Si ndio utaratibu wetu? Mmoja afunge, mwingine akague."

"Nimeshapapasa kila upande, Nyamizi. Mtoto wa watu anakufa pale, wewe unataka kunitungia mtihani?"

Nyamizi akazima kurunzi. Injini ikawashwa, ikanguruma, na chini yake palikuwa pakavu. Mtoto akapakiwa pamoja na mama yake. Ndege ikapaa.

Hapo ndipo Ambokile alipokosa raha. Alimimina chai, akaiacha. Akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Akatoka nje kutazama anga, akarudi ndani, akatoka tena. Hakujua anachokitafuta, kama mtu aliye safarini akahisi ameacha jiko likiwaka. Mwishowe akalichukua lile chujio kuukuu ili alitupe. Akaligeuza. Akainama chini ya meza, akakung'uta vitambaa kimoja kimoja.

"Umepoteza nini?" Nyamizi akauliza.

"Pete kuukuu. Siioni."

"Uliitoa?"

Ambokile akaitazama mikono yake. Alijaribu kukumbuka kidole chake kikiibandua ile pete. Akakumbuka gari la hospitali tu, na vumbi lake.

"Imebaki mle ndani," akasema. "Nimeweka mpya juu yake."

"Basi waite!"

"Na kama nimekosea? Kama iliangukia nje huko? Nitakuwa nimemrudisha mtoto bure, naye sumu inapanda."

"Kaka Ambokile, na kama hukukosea?"

Akakimbilia redioni. Akabonyeza kitufe. "Shija, mimi Ambokile. Unanusa chochote?"

Redio ikakwaruza. "Harufu ya mafuta, tangu tulipovuka mto. Nilidhani ni nguo zangu."

"Rudi. Nimefunga vibaya. Rudi sasa hivi."

Kungoja kule, wanangu, kulimzeesha. Alizunguka uwanja akifukuza ngiri ambao hawakuwapo. Ndege ilipotokea juu ya miti ilikuja chini chini, na ilipotua tumbo lake lote lilikuwa limelowa. Mafuta yalikuwa yakidondoka karibu kabisa na bomba la moshi, ambalo lilikuwa la moto hata huwezi kulisogelea.

Ilipopoa, Nyamizi akafungua kikombe. Pete kuukuu ilikuwa imebandikana na chuma, nyeusi, bapa, kama sehemu ya chuma chenyewe. Pete mpya ilikuwa imeteleza juu yake kwa mtikisiko wa angani, ikaacha upenyo mwembamba. Nyamizi aliuona mara moja. Ambokile alionyeshwa kwa kidole, na bado ilimchukua muda kuuona.

Safari hii Nyamizi alifunga, Ambokile akakagua, kisha rubani naye akainama akatazama. Mama wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye changarawe na bintiye mapajani, akamkazia macho fundi.

"Baba, wewe ndiye uliyefunga?"

"Ndimi, mama."

"Na hukuona?"

Ambokile angeweza kusema haraka ndiyo iliyomponza. Angeweza kumtaja nyoka, na gari, na vumbi. Alipiga goti mbele yake.

"Niliangalia, mama. Niliangalia tena na tena. Lakini mimi niliyefunga sikuona pengo. Aliyetaka kuniangalizia nilimfukuza."

Mama alisimama. Akambeba bintiye kwenda ndegeni.

Mtoto alipona, ila mguu ulikatwa chini ya goti. Madaktari hawakusema kama ni kwa sababu ya kule kuchelewa, na Ambokile hakuthubutu kuwauliza. Aliendelea na ufundi, lakini tangu siku ile hakuna kazi iliyotoka mikononi mwake kabla hajamwita mtu: "Njoo unitazamie." Wageni walipomshangaa, fundi mkubwa kama yeye akiomba kukaguliwa, aliwajibu kwa maneno yale aliyomwambia mama. Mafundi wakayachukua, madereva wakayapokea kwao, wapishi na washonaji nao wakayafupisha, mpaka yakafika jikoni kwetu:

Aliyefunga haoni pengo.