Fimbo ya Mzee Galgalo

Wenzangu, tulieni niwatwike mzigo ambao mimi peke yangu umenishinda.

Katika bonde moja la juu, kavu, mbali na barabara, aliishi Bokayo, mjane wa Mzee Galgalo. Alikuwa na watoto watatu. Dabaso, kifungua mimba, alisoma nyayo hata juu ya mwamba. Talaso, binti pekee, alijua mchanga upi umeficha maji. Jillo, kitinda mimba, alikuwa na mgongo usiochoka. Kaka zake wawili walihamia mjini; Talaso alibaki, akamuuguza baba mpaka Mungu alipomchukua.

Ilipofika arobaini, kaka zake walikuja. Mama akacheka mara ya kwanza tangu msiba, akawachinjia mbuzi. Talaso akameza mate machungu. Yeye aliyebaki, nani aliwahi kumchinjia?

Asubuhi yake mama alipanda peke yake hadi kaburini, kileleni mwa mlima, kuomba dua. Adhuhuri ikapita, hajarudi. Wote watatu wakamfuata.

Dabaso akainama. "Ameteleza hapa, akaangukia korongoni." Bila yeye wangepita moja kwa moja hadi kileleni.

Walimkuta mguu umevunjika, midomo imekauka, hawezi hata kunena. Kibuyu cha maji walichombebea nacho kitupu.

"Nilitawadha njiani," Jillo akasema.

"Maji yote? Mtu wa mjini wewe! Huku tunatayamamu kwa mchanga!" Talaso akafoka.

Mahali pa kuchimba palikuwa hatua kumi tu. Talaso alipaona, akasimama. Acha leo waone mwana ni nani, aliwaza.

"Dada, tafadhali!" Jillo akamsihi.

Ndipo akapiga magoti, akachimba hadi kucha zikatoka damu. Maji yakaja, mama akanywa, akafumbua macho.

Jillo akambeba mgongoni. Hakumshusha mpaka nyumbani.

Mama alipopata nafuu akaitoa fimbo ya marehemu. "Atakayeishika atasimama mahali pa baba yenu. Nampa aliyeniokoa. Ni nani?"

"Bila macho yangu mngempata wapi?" akasema Dabaso.

"Bila mgongo wangu angefia kule," akasema Jillo.

"Wewe uliyetawadha kwa maji ya mama?" Talaso akamcheka.

"Na wewe uliyesimama ukitutazama?" Jillo akamrudishia.

Mama akamgeukia binti yake. "Ulisimama, mwanangu?"

Talaso akatazama kucha zake. "Nilisimama, mama. Kisha nikachimba."

Fimbo ingali mapajani mwa mama, na watoto watatu wamenyoosha mikono.

Je, ungekuwa wewe Bokayo, ungeiweka katika mkono upi?