Kwa Nini Walinzi wa Damu Hutembea Wawili Wawili

Haya niliyapata kwa mama, naye aliyapata kwa shangazi yake. Pale ambapo hawakuniambia kitu, nami sitaongeza.

Zamani kila mlinzi wa damu alitembea peke yake. Walinzi walikuwa weupe, wadogo kuliko punje ya ufuta, na kila mmoja alishika mkuki. Waliyekutana naye ndani ya mwili walimuuliza swali moja tu: "Umezaliwa humu?" Aliyejibu ndiyo alipita. Aliyeshindwa kujibu, kama sumu ya mwiba, alichomwa. Kazi hiyo ilikwenda vizuri kwa vizazi vingi.

Kisha katika mwili wa Nyamizi, msusi wa vikapu, akazaliwa Uvimbe. Alizaliwa humo humo, chini ya ubavu wa kushoto, kwa hiyo hakusema uongo. Alikula chakula chake, akala cha ini, akaanza kula cha mifupa. Walinzi walimpitia kila siku.

"Umezaliwa humu?"

"Nyinyi nanyi! Si mliniuliza jana?"

"Haya, ndugu yetu. Endelea kula."

Nyamizi alikonda hata bangili zikawa zinamvuka mkononi zenyewe.

Aliyemuuguza ni shangazi yake, Kabula. Alimchanja mkononi, akakinga damu yenye walinzi katika kibuyu, akatia humo tone la maji ya Uvimbe ili walinzi waitambue harufu yake. Kwa siku saba aliwafundisha swali la pili: "Unaacha kula lini?" Siku ya nane akawarudisha kupitia chale ile ile.

"Kuacha?" Uvimbe aliuliza. Neno hilo lilikuwa geni kwake. Walinzi wakamchoma mpaka akaisha, na Nyamizi akaomba uji.

Lakini walinzi walikuwa wameonja ushindi. Walimuuliza kila mtu, na hawakungoja jibu. Vidole, ambavyo hushinda kazini, vilisema, "Subirini kidogo, tunasuka," vikachomwa. Vikavimba. Nyamizi akashindwa kushika hata unyasi mmoja.

"Shangazi, umenirudishia uhai, lakini mikono imekwenda," alisema. "Nitaishi kwa kufanya nini?"

Kabula alichukua kibuyu, akawatoa walinzi mara ya pili.

"Tumekosa nini, Bibi?" walinzi waliuliza. "Tulifanya ulivyotuagiza."

"Mlifanya, na hamkujua pa kuishia."

Safari hii hakuwaongezea swali. Aliwapanga wawili wawili, na katika kila wawili akamnyang'anya mmoja mkuki. Akamwambia huyo asiye na silaha, "Mwenzako akimwinulia mkuki mtu wa humu anayejua kushiba, mshike mkono."

Wenye mikuki wakacheka. "Sasa huyu mikono mitupu ni mlinzi wa nani?"

"Wako wewe," Kabula alisema.

Walinzi waliporudi, vidole vya Nyamizi vilipungua uvimbe kimoja baada ya kingine, isipokuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kilikuwa kimechomwa kuliko vyote. Hicho kilibaki kimepinda. Kikapu alikimaliza kwa vidole tisa.

Na tangu siku hiyo walinzi wa damu hutembea wawili wawili, mwenye mkuki na mshika mkono. Mama alisema maungo ya mtu yakivimba pasipo jeraha, mshika mkono amesinzia. Na uvimbe ukikua pasipo kuulizwa, swali la pili limesahaulika. Siku hizi kuna hospitali ambako walinzi hutolewa, hufundishwa nje ya mwili, kisha hurudishwa.

Jumanne walimtoa damu dada yangu Kalunde kwa kazi hiyo, ndiyo maana nimewaita leo ninyi wa ukoo wetu. Tunangoja walinzi wake warudi. Nesi alipomaliza alimwambia anyooshe vidole vyote. Alivinyoosha, isipokuwa kile cha mwisho cha kushoto, ambacho hakinyooki kwake, wala kwangu, wala kwenu.