Kona ya Ukuta wa Mwenyekiti

Njia ikimkwepa mkubwa, humwangusha mdogo. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye mkutano wa mtaa, wajukuu zangu, mkataka kujua imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Itulo, mji ulipoanza kukua.

Malori yalikuwa yameongezeka barabarani, na waenda kwa miguu na wenye baiskeli hawakuwa na pa kupita. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Ambakisye, akashikilia kwamba lazima watu wapate njia yao, kutoka sokoni hadi zahanati. Halmashauri ikamleta mpimaji, kijana Gwamaka. Wananchi wakaachia maeneo yao, huyu migomba, yule uzio, bila kinyongo.

Njia ikaja imenyooka mpaka ilipofika kwa Ambakisye mwenyewe. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza ukuta wa matofali ya kuchoma, ukuta alioutamani tangu ujana. Gwamaka akautazama, akamtazama mzee, kisha akaipindisha njia hadi ukingoni mwa barabara kuu. Ambakisye aliona. Akaiacha ipite hivyo, na moyoni alishukuru.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Tusekile, muuza maziwa, alikuwa akikokota baiskeli yake kwenye kona ile. Lori likapita, likamrushia tope usoni. Akateleza, akaporomokea mtaroni, mguu ukavunjika.

Ambakisye akaenda kumjulia hali.

"Ugua pole, mama."

"Nimeshapoa, baba." Tusekile akajivuta akae vizuri. "Lakini niulize, mwenyekiti. Njia yetu imenyooka kote. Pale inakwepa nini?"

Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Ambakisye angeweza kusingizia mwamba, au maji.

"Inakwepa ukuta wangu."

Tusekile akatazama pembeni, asimlaumu. Afadhali angemlaumu.

Ambakisye alipotoka hapo alipitia kwa Gwamaka. "Kwa nini uliipindisha njia?"

"Nilikuheshimu, mzee."

"Na mimi nikakubali heshima hiyo," Ambakisye akasema. "Njoo kesho, tuinyooshe."

Kulipokucha alishika nyundo mwenyewe. Mkewe alijifungia ndani, hakutaka kuona. Majirani waliotoa migomba yao wakaja kusaidia, wengine kwa huruma, wengine, tusifichane, kwa furaha.

Njia ikanyooka. Mguu wa Tusekile haukunyooka. Alichechemea hadi uzeeni.

Miaka ikapita, mji ukatanuka, ikabidi njia ifike stendi mpya. Tajiri mmoja mwenye ghala akaomba mkutanoni izungushwe nyuma, isimharibie uwanja wake. "Ni kona moja tu," alisema. Wajumbe wakaanza kuitikia kwa vichwa.

Ambakisye akainuka taratibu. Wakati huo alikuwa mzee sana.

"Na mimi nilifanyiwa kona moja tu," alisema. "Tusekile yule pale, mwambieni atembee mbele yenu mwone. Ndugu zangu, njia ikimkwepa mkubwa, humwangusha mdogo."