Mikono ya Mkunga Hester

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mchoraji wa sura za watu huko Uingereza, zama zile wanaume wa heshima walipovaa nywele za bandia na kuzipaka unga. Jina lake Edmund Larkby. Alikuwa mcha Mungu, na hakupenda jambo hilo lisijulikane. Hakushika brashi kabla ya kupiga magoti, na mlango wa chumba cha kazi aliuacha wazi ili mteja amkute angali magotini. Akiinuka husema: "Brashi yangu haijui uongo. Nachora alichoumba Mola, sizidishi wala sipunguzi."

Sasa, wachoraji wa zama zile walikuwa na desturi yao. Mwenye jina alichora uso tu. Uso ukishakauka, turubai ya picha ilikunjwa ikapelekwa London kwa fundi mwingine, naye akamalizia nguo na mikono. Fundi wa Larkby alikuwa na jozi moja ya mikono ya sanamu, ya plasta, mezani, mirefu, laini, isiyojua kazi, na hiyo ndiyo aliyoiiga kwa miaka ishirini. Hakimu, meja wa jeshi, mke wa meja, muuza chai: wote waliotundikwa ukutani walikuwa na mikono ile ile. Ungedhani mji mzima, kuanzia kwenye kiwiko, ulizaliwa na mama mmoja. Hakuna aliyeuliza. Mtu akichorwa mzuri huwa hana maswali.

Katika mji huo aliishi mkunga, Bi Hester Munday, mja mwema kwelikweli, wa wale ambao wema wao wenyewe hawana habari nao. Maskini hakuwatoza kitu. Miaka arobaini ya maji ya moto na sabuni kali ilikuwa imeikunja mikono yake. Vifundo vimevimba, ngozi imepasuka, kidole gumba cha kulia kimepinda kikagoma kurudi. Nusu ya mji ilipokewa duniani na mikono hiyo. Basi wanawake wakaazimia picha yake itundikwe katika ukumbi wa kanisa angali hai, na Larkby akaombwa aichore. Bi Hester akaketi mbele yake asubuhi tatu, mikono mapajani. Larkby akamaliza uso, akaikunja turubai, akaituma London.

Picha iliporudi, ilifunuliwa Jumapili baada ya ibada. Uso ulikuwa wa Bi Hester hasa. Chini yake, juu ya aproni ya mkunga, imelala ile mikono ya plasta.

"Ala, Bi Hester!" akasema mke wa mwenye bucha. "Kumbe una mikono ya binti mfalme, miaka yote unatuficha!"

Ukumbi ukacheka, kwa mapenzi tu. Bi Hester naye akacheka. Kisha, taratibu, akaiingiza mikono yake ndani ya shali. Larkby alimwona.

Watu walipoanza kutawanyika Bi Hester alimwendea, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mungu akulipe, mwanangu. Umenisitiri."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani, na Larkby alikuwa na muda wa kutosha kuujibu. Neno moja lingetosha. Yeye akasema: "Nilitaka wajukuu zetu wakukumbuke kwa uzuri, mama."

"Sikujua kwamba inachukiza kiasi hicho," akasema Bi Hester. "Watu ni wapole. Hawajawahi kuniambia."

Larkby akaenda nyumbani. Akapiga magoti kama ilivyo ada yake, maneno yakagoma. Safari hii aliufunga mlango.

Alhamisi yake alikutana njiani na mke wa mwenye bucha, hana kicheko.

"Mkwe wangu kajifungua jana," akasema. "Bi Hester kamzalisha salama, halafu mtoto kanitupia mimi mbio mbio, akavaa glavu. Eti nimshike mimi, yeye asimtie kichanga kinyaa. Miaka arobaini, Bwana Larkby! Ni huu mdomo wangu. Huu huu!"

Akajipiga mdomo, akalia. Larkby akasimama pale, mwanamke analia kwa kosa lisilo lake. Kisha akamuaga, akapita. Alipofika kona ya barabara aliegemea ukuta wa watu.

Jumapili iliyofuata alisimama kabla kasisi hajatoa baraka.

"Sikumsitiri Bi Hester," alisema. "Mikono ile si yake. Imechorwa London, na mtu asiyemjua, kwa kuiga plasta. Bi Hester amekaa mbele yangu asubuhi tatu, nami mikono yake sikuitazama hata mara moja. Aliponishukuru, nilipokea shukrani."

Hakimu akakohoa. "Na yangu je?"

"Ni hiyo hiyo, mheshimiwa."

"Ya meja?"

"Na ya mke wa meja."

Meja akaigeuza mikono yake huku na huku, kama mtu aliyerudishiwa mzigo na hana hakika kama ni wake.

Bi Hester alikuwa ameinuka. "Kwa hiyo hukuiona mbaya?"

"Sikuiona kabisa, mama. Afadhali ningeiona mbaya."

Larkby akainamisha uso. Bibi yule akavua glavu zake, moja, ya pili, akaiweka mikono juu ya mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Unatazama viatu vyako kwa nini?" akamwambia. "Kazi ipo huku."

Kuichora upya mikono ile kulimchukua Larkby miezi miwili. Miaka ishirini hakuchora mkono, na ufundi ulikwisha kumhama; ilitoka mikono kama mizizi ya tangawizi. Hakimu alirudisha picha yake, wengine wakafuata, na wateja wakahamia kwa mchoraji mwingine mwenye magoti machache zaidi. Bi Hester alipoletwa kutazama, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Vibaya hivi, mwanangu!" akasema, akijipangusa machozi kwa kiganja kitupu. "Lakini hiki kidole gumba nakijua."

Ndugu zangu, tuna maneno mawili tunayoyachanganya: haya na aibu. Haya humjia mtu kabla, ikamzuia asitende. Aibu humfika baada, ameshatenda. Larkby alikosa haya kwa miaka ishirini ya sala. Tusimcheke. Tumwombe Mola atujaalie haya. Na tukiikosa, asitunyime aibu.